Subaru si Gari la Makelele

Muhula uliopita nilialikwa kusikiliza mjadala wa wanafunzi katika ukumbi wa shule. Hoja ilikuwa hii: kwamba kijana apatapo kazi, motokaa ya kwanza imfaayo ni Subaru. Waliounga mkono walisema habari za mbio na mvumo wa injini, na mmoja wao aliuiga mvumo ule kwa kinywa hata ukumbi mzima ukaangua kicheko. Waliopinga, wakisaidiwa na wazee wa shule watatu walioketi viti vya nyuma, walisema kwamba Subaru ni gari la wahuni, kwamba lanywa petroli kama ng'ombe anywavyo maji wakati wa kiangazi, na kwamba mwenye akili hununua Toyota. Kura zilipohesabiwa, wapinzani walishinda. Mimi sikupiga kura, kwa sababu sikusikia upande wowote ukiizungumza motokaa yenyewe. Mhariri ameniomba niandike niliyoyawaza siku ile, nami naandika.

Wasomaji wajue kwanza kwamba mimi si fundi wala si mfanya biashara ya magari. Ni bwana shamba katika milima ya Kigezi, na huu ni mwaka wa saba naendesha Subaru Forester isiyo na turbo, niliyoinunua kuukuu kutoka Japani kama tununuavyo karibu sote. Kwa hiyo nina upande, wala siufichi.

Tuanze na jina, maana jina hili latuhusu sisi tusomao Kiswahili kuliko wengi wadhanivyo. Subaru ni neno la Kijapani, nalo ni jina la kundi la nyota ambalo Waswahili wa pwani waliita Kilimia. Jina letu latoka katika kulima, kwa kuwa wazee walizitazama nyota hizo ili wajue majira ya kushika jembe. Jina la Kijapani lina maana ya kukusanyika pamoja, na aliyelichagua ni Bwana Kenji Kita, mkuu wa kwanza wa kampuni, baada ya kukataa majina mengine yote aliyoletewa. Tazameni alama iliyo mbele ya gari: nyota moja kubwa na ndogo tano. Zile ndogo ni makampuni matano yaliyokusanyika mwaka wa 1953 kuunda kampuni iliyoitwa Fuji Heavy Industries, na ile kubwa ndiyo kampuni yenyewe. Jina hilo la Fuji lilidumu mpaka mwaka wa 2017, ndipo kampuni nzima ikaitwa Subaru.

Makampuni hayo matano yalikuwa vipande vya kitu kilichovunjwa. Mwaka wa 1917 afisa mmoja wa jeshi la maji la Japani, Chikuhei Nakajima, aliacha utumishi akaanza kutengeneza ndege katika mji wa Ota, mkoa wa Gunma. Kazi yake ikakua hata ikawa mojawapo ya viwanda vikubwa vya ndege nchini mwake, na katika Vita Kuu ya Pili ndege zake za vita zilikuwa nyingi sana. Japani iliposhindwa mwaka wa 1945 ilikatazwa kuunda ndege. Basi mafundi wale, waliozoea kupima kila kipande cha bati kwa uzani, wakabaki na karakana, mikono hodari, na akiba ya vyuma visivyo na kazi. Mwaka wa 1946 walitoa skuta waliyoiita Rabbit, na magurudumu ya zile za kwanza yalikuwa magurudumu madogo ya mkiani mwa ndege, yaliyokuwa yamebaki ghalani. Mimi napenda sana habari hii. Mwaka wa 1950 kampuni ikagawanywa vipande 12, na miaka mitatu baadaye vipande vitano vikarudiana.

Motokaa yao ya kwanza, iliyoitwa Subaru 1500, ilitengenezwa chache tu wala haikuuzwa kwa watu wote. Iliyowafikisha madukani ni Subaru 360 ya mwaka wa 1958, kazi ya Bwana Shinroku Momose, ambaye zamani alikuwa mhandisi wa ndege. Ilikuwa ndogo ajabu. Injini yake ilikuwa ya sentimita za ujazo 356, yenye nguvu za farasi 16, na gari zima lilikuwa na uzito wa kilo 385 hivi. Hata hivyo walipanda watu wanne. Wajapani waliipa jina la yule kijidudu wa mviringo mwenye madoa mgongoni. Wepesi ule ulitoka moja kwa moja katika elimu ya ndege.

Mwaka wa 1966 Bwana Momose akatoa Subaru 1000, na hapo ndipo ilipozaliwa injini ambayo vijana waipenda kwa mvumo wake bila kuijua. Katika motokaa nyingi silinda za injini zasimama wima kama chupa juu ya rafu. Katika hii zimelala, mbili upande huu na mbili upande huu, na pistoni hutoka na kurudi zikielekeana kama ngumi za mabondia. Kwa kuwa injini imelala, uzito wake uko chini, na gari halilali sana likipinda kona. Tena injini na gia zimepangwa katika mstari mmoja ulionyoka katikati ya gari, hata kuupeleka mzunguko nyuma ili magurudumu yote manne yavute si kazi kubwa.

Na walipeleka kwa ajili ya nani? Wala si kwa ajili ya mashindano. Kaskazini mwa kisiwa kikubwa cha Japani, katika nchi iitwayo Tohoku, theluji huanguka nyingi. Kampuni ya umeme ya huko ilikuwa na watu wake waliokagua nyaya milimani wakati wa baridi kwa magari ya namna ya jeep, nayo yaliwatesa kwa baridi na kutikisika. Wakauliza wauzaji wa Subaru wa mkoa wa Miyagi kama wangeweza kupata motokaa ya kawaida, yenye kiti kizuri na paa, ila ivute kwa magurudumu manne. Mafundi wa Miyagi wakaijaribu, kampuni ikaipokea kazi ile, na mwaka wa 1972 ikatoka Leone ya magurudumu manne, gari la kubebea watu na mizigo yao. Vijana, someni tena sentensi hiyo. Motokaa mnayoiiga kwa kinywa ilianzishwa kwa ajili ya mafundi wa nguzo za umeme.

Huko Marekani mambo yalianza vibaya. Mwaka wa 1968 wafanya biashara wawili, Malcolm Bricklin na Harvey Lamm, waliipeleka ile 360 ndogo, na mwaka uliofuata gazeti la Consumer Reports, lipimalo bidhaa kwa niaba ya wanunuzi, likatangaza kwamba haikubaliki kwa sababu ya usalama. Kampuni haikusimama tena kwa gari lile. Ilisimama kwa zile za magurudumu manne, katika majimbo ya milima na theluji. Na miaka ya 1990, walipochunguza ni akina nani wawanunuao, waliona kwamba walimu, na watu wa kazi za hospitali, na wapendao kutembea milimani ni miongoni mwa wanunuzi wao wakubwa. Nilipolisema hili mbele ya wale wazee watatu baada ya mjadala, mmoja aliniuliza kama nafanya mzaha. Gari la mwalimu na la muuguzi! Hapa kwetu muuguzi akija na Subaru watu huuliza ni ya nani.

Basi makelele yametoka wapi? Yametoka katika mashindano, na kwa sehemu kubwa yametufikia kutoka nchi ya jirani. Kampuni ilishirikiana na Waingereza wa Prodrive, na kwa gari la Impreza ikachukua ubingwa wa dunia wa watengenezaji miaka mitatu mfululizo, 1995, 1996 na 1997. Madereva wake Colin McRae mwaka wa 1995, Richard Burns mwaka wa 2001 na Petter Solberg mwaka wa 2003 wakawa mabingwa wa dunia. Lakini sisi wa huku twaukumbuka zaidi mchezo wa Safari katika Kenya. Mwaka wa 1993 Patrick Njiru wa Kenya aliendesha Subaru Vivio, kijigari cha injini ya sentimita za ujazo 660 tu, akafika mwisho ilhali magari makubwa yalibaki njiani. McRae naye alikuwa na Vivio mwaka ule ule, wala hakufika. Mwaka wa 1994 Njiru alishika nafasi ya nne kwa Impreza. Kisha McRae akashinda Safari ya 1997, na Burns ile ya 2000, wote kwa Subaru.

Kwa hiyo fahari ile si ya uongo, nami sikatai. Ninachokataa ni tafsiri yake. Safari ya miaka ile haikuwa mbio za kukanyaga tu mpaka mwisho. Ilikuwa ya siku kadhaa, njia za mawe na tope na mito, na mwenye kushinda alikuwa yule aliyejua mahali pa kupunguza. McRae wa 1993 na McRae wa 1997 ni mtu yule yule, ila katikati alijifunza kulitunza gari. Tena gari la mashindano lina vyuma vya kumkinga dereva ndani yake, na kundi la mafundi humngoja njiani na spea. Kijana ashukaye mteremko wa Kabale usiku, abiria wanne, matairi yamekwisha meno, hana hata kimoja katika hivyo.

Na ule mvumo wenyewe? Watokana na mabomba ya moshi ya injini za zamani zenye turbo, ambayo hayakuwa na urefu sawa, hata pumzi za silinda zikatoka kwa mapigo yasiyolingana. Basi ndio huo tu. Haiongezi hata nguvu ya farasi mmoja. Tena katika nyingi za miaka ya karibuni mabomba yamelinganishwa na mvumo umetoweka. Watu wapelekao gari kwa fundi likatwe bomba ili livume zaidi wanalipa fedha ili waamshe watoto wa watu.

Sasa nije kwa wenye magari, maana mjadala uliwataja bila kuwauliza. Kwa miaka hii saba nimezungumza nao wengi, hasa wazee wa shule hii walio kazini mashambani: waganga, walimu, mabwana misitu, na padre mmoja. Sifa yao ya kwanza ni ile ile yangu. Mvua inyeshapo na njia ya udongo ya kuelekea Bwindi igeukapo sabuni, Forester hupanda. Haipandi kwa kishindo. Hupanda tu, polepole, gurudumu moja likiteleza jingine likishika. Nimepita mahali ambapo magari ya fahari zaidi yalikuwa yamelala mtaroni. Sifa ya pili ni kwamba gari lakaa imara katika kona, na ya tatu ni viti. Mtu apitaye milimani saa sita kwa siku huvijua viti.

Malalamiko yao nayo ni ya kweli, lakini yataka kupembuliwa. La petroli halina ubishi. Magurudumu manne yavutayo wakati wote hula zaidi, na gari langu hunipa kilomita tisa kwa lita katika milima. Lenye turbo hula kuliko hilo, na mguu wa kijana huongeza. Spea nazo ni ghali kuliko za Toyota, na nje ya miji mikubwa fundi aijuaye injini iliyolala si rahisi kumpata. Kubadili plagi tu, ambako katika gari jingine ni kazi ya nusu saa, hapa fundi huingiza mkono ubavuni akitafuta kama mtu atafutaye ufunguo chini ya kabati.

Kuna lawama moja ambayo naona imesafiri mbali kuliko kosa lenyewe. Watu husema kila Subaru huunguza gasketi ya silinda hedi. Kosa lilikuwapo, tena kubwa, katika injini za lita mbili na nusu za mwisho wa miaka ya 1990 na miaka kadhaa iliyofuata, na Wamarekani walilalamika sana kwa sababu magari yao mengi yalikuwa na injini hiyo. Lakini Forester nyingi zilizouzwa Japani kwenyewe, ambazo ndizo zilizotufikia, zilikuwa na injini ya lita mbili. Nyingi zilizokufa hapa zimekufa kwa kiu: mwenyewe hutia maji ya kijito katika rediyeta badala ya kipozeo, hupanda mlima huku mshale wa joto ukipanda naye, kisha husema Mjapani amemdanganya. Tangu mwaka wa 2010 kampuni ilianza kutia injini mpya yenye mnyororo mahali pa ule mkanda uliohitaji kubadilishwa. Nayo ikaleta malalamiko yake, ya kula oili, mpaka Marekani wenye magari wakaipeleka kampuni mahakamani.

Sitaki kuwafanya watu wa Ota malaika. Mwaka wa 2017 iligunduliwa kwamba katika viwanda vyao, kwa zaidi ya miaka 30, ukaguzi wa mwisho wa magari ulifanywa pia na watu wasio na cheti cha kazi hiyo, kinyume cha sheria za Japani, na magari karibu 400,000 yakaitwa yarudi kukaguliwa upya. Jambo hilo halikuharibu gari langu, lakini liliniudhi, kwa kuwa nililinunua kwa kuamini kwamba aliyelitia sahihi alistahili kulitia.

Wazee wa viti vya nyuma nao wasifurahi mno. Hiyo Toyota waisifuyo yenyewe imenunua hisa za Subaru, tangu mwaka wa 2020 kadiri ya sehemu moja katika tano. Yaonekana huko kwao hawaioni kuwa gari la wahuni.

Nililotaka kulisema kwa urefu zaidi ni habari ya kununua, kwa maana hapo ndipo vijana wetu waumizwapo. Sisi huendesha upande wa kushoto kama Wajapani, kwa hiyo magari yao kuukuu hutufaa kama yalivyo, na hutufikia kwa bandari ya Mombasa au ya Dar es Salaam. Tangu 2018 sheria ya Uganda yakataza kuingiza gari lililotimiza miaka 15. Lakini yaliyokwisha kuingia huuzwa na kuuzwa tena mkono kwa mkono, na kila dalali ana hadithi yake. Mimi nina shauri moja. Kabla hujauliza bei, chuchumaa utazame matairi. Katika Subaru matairi yote manne lazima yawe ya kipimo kimoja na yamelika sawasawa. Kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma kuna chombo kigawacho nguvu. Tairi moja likiwa jipya na matatu yamechakaa, mizunguko haitalingana, na chombo kile kitafanya kazi pasipo kupumzika, kitapata moto, na mwisho kitakufa, nacho ni ghali. Nimeona magari yaliyong'arishwa kama kioo yakisimama juu ya matairi ya aina tatu. Anayeuza gari la namna hiyo ama hajui ama ajua, na yote mawili ni mabaya kwako.

Namjua kijana mmoja wa shule hii, mwalimu wa hesabu tena mwalimu mzuri, aliyekopa katika chama cha akiba na mikopo akanunua Impreza yenye turbo. Gari lake halina ubovu wowote. Limesimama uani chini ya mabati tangu Februari, kwa sababu mshahara uliobaki baada ya kukatwa deni hautoshi petroli ya kwenda kazini na kurudi. Asubuhi hupanda bodaboda. Nilipomwuliza kwa nini hakutafuta ile isiyo na turbo, ambayo ingepanda milima ile ile, alijibu kwamba hakujua kuwa zipo. Kijana aliyesoma hesabu miaka saba! Alijua jina la kila bingwa wa mashindano, lakini hakuna mtu aliyewahi kumwambia kwamba gari hili liliundwa kwa ajili ya watu wa mshahara kama wake.

Kwa hiyo nimezungumza na mwalimu wa ufundi, naye amekubali. Nimepata kwa fundi mmoja wa mjini Kabale injini ya Subaru iliyokufa, ya lita mbili, na italetwa karakana ya shule kwa lori la mahindi. Jumamosi ya pili ya muhula ujao, saa tatu asubuhi, tutaifungua mezani ili kila mtu aone jinsi silinda zilivyolala na gasketi inakaa wapi. Wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne waje na nguo kuukuu. Wazee wa shule wenye spana wazilete, hasa ile ndefu ya plagi, maana ya shule imepotea. Na wale waheshimiwa watatu wa viti vya nyuma, mara hii viti vitakuwa mbele.